Muhuri wa Rangi Nyekundu

Hasira ilimpanda Eshrat pale mlangoni, kabla hata hajamwona mgeni vizuri. Hakuwa na ugomvi na mgeni. Ugomvi wake ulikuwa na yule mzee aliyesimama nyuma ya mgeni, amembebea begi lake kubwa mgongoni, uso wote meno. Huyo alikuwa Yadollah, mumewe, na asubuhi ile alikuwa ametumwa mkate tu.

"Mama Mahrokh," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka nyumba ya tatu, "tumepata mgeni. Anaitwa Halina, ametoka Polandi, na anasema Kiajemi. Nimemwambia leo hali hotelini."

Mkate wenyewe alikuwa ameusahau.

Eshrat akafanya kile ambacho angefanya mwanamke yeyote wa Isfahani. Akatabasamu, akasema nyumba imepata nuru, akasema chakula kiko karibu kuiva, wakati jikoni hakukuwa na kitu zaidi ya maharage ya jana na mtindi. Halafu akaingia jikoni, akafunga mlango, akaitua sufuria kwenye jiko kwa kishindo mpaka kifuniko kikaruka.

Alikuwa ameishi na mtu huyu umri mzima, na umri mzima alikuwa akiwapikia watu asiowajua. Yadollah alikuwa dereva wa mabasi ya masafa marefu, Isfahani kwenda Shiraz, Isfahani kwenda Bandar Abbas, na kila abiria aliyekosa basi la kuunganisha, kila askari aliyeishiwa nauli likizoni, kila mwanafunzi aliyeonekana ana njaa, aliishia kwenye zulia la Eshrat. Yadollah alipostaafu, Eshrat alidhani sasa atapumua. Kumbe ndiyo kwanza mzee alipata nafasi ya kuzurura kwenye madaraja na viwanja mchana kutwa akitafuta wageni kwa macho. Mji mzima ulimjua. Walimwita Yadollah mkono wazi, na wakamwombea dua.

Na ni kweli mkono wake ulikuwa wazi. Lakini mkono uliochambua uwatu na giligilani, uliomenya vitunguu, uliosugua masufuria wageni walipokwisha kulala, haukuwa wake. Huo hakuna aliyeuombea dua.

Siku ile Eshrat alitoa jozi. Zilikuwa zile alizoziweka kando kwa ajili ya karamu ya harusi ya binti yao, Mahrokh, iliyokuwa imebakiza siku chache. Akazisaga, akazipika kwa moto mdogo pamoja na maji mazito ya komamanga na kuku aliyemtoa kwenye barafu, mpaka mchuzi ukawa mweusi na mafuta yakaelea juu. Akachemsha wali nusu, akauchuja, akaurudisha sufuriani juu ya vipande vya viazi ili chini upate ukoko. Muda wote huo Yadollah alikuwa sebuleni karibu na samawari, anammiminia mgeni chai na kumsimulia theluji aliyoivuka na basi zamani, na theluji yenyewe ilikuwa inaongezeka kina kila alipoisimulia.

Mgeni alikula kwa raha na kwa adabu. Alipouma ukoko alimgeukia Eshrat, akamuuliza anajuaje wakati wa kupindua sufuria na hali chini haoni. Lilikuwa swali la mtu aliyewahi kuunguza chakula. Eshrat alifungua mdomo amwambie kwamba huo hauonwi, unasikiwa, mlio wa mafuta hugeuka ukawa mkavu. Yadollah akamwahi.

"Sisi tunautegea harufu," alisema. "Na zafarani sisi tunaiweka mwisho kabisa."

Sisi! Mtu ambaye hakuwahi kujua hiyo zafarani inakaa kabati gani. Eshrat akamwongezea mgeni wali mpaka akazuiwa kwa mikono miwili. Kilichomuudhi zaidi ni kwamba yule msichana alikuwa anapendeka. Ingekuwa nafuu kama angekuwa mjinga.

Nyuma ya ua kulikuwa na chumba, na maisha ya Eshrat, yale yaliyokuwa yake hasa, yalikuwa mle ndani. Baba yake, Fundi Ramazan, alikuwa mgongaji wa nguo kwa mihuri ya mbao pale sokoni. Hakujaliwa mtoto wa kiume, na watu walicheka alipomsimamisha binti yake mbele ya meza. Wacheke. Alimfundisha kuchovya muhuri kwenye rangi, kuutua juu ya kitambaa cha pamba bila kuusukuma, kisha kuupiga kwa ubavu wa mkono, pigo moja tu, kwa sababu la pili huchafua mchoro. Nyama ya mkono wa Eshrat upande wa kidole cha mwisho ilikuwa ngumu kama kisigino. Ujanani alipokwenda harusini aliuficha mkono huo ndani ya mkono wa gauni.

Fundi Ramazan alipofariki, duka lake lilichukuliwa na mtu anayewauzia watalii vitambaa vya mashine akiapa ni vya mkono, na mihuri ikaja kwa Eshrat ndani ya sanduku. Tangu hapo alifanya kazi nyumbani. Masomo ya Mahrokh yalitoka kwenye chumba kile. Hata wali uliokwenda matumboni mwa wageni wa Yadollah, sehemu kubwa ilitoka mle mle, ingawa yeye aliwaambia wageni kuwa ni kazi ndogo ya mke wake, inamwondolea upweke.

Mle ndani kulikuwa na mchoro mmoja ambao Eshrat hakumgongea mteja yeyote. Ulikuwa mberoshi uliopinda kilele, ndege wawili chini yake, na mawaridi kuuzunguka. Mihuri yake ilikuwa minne, ya mti wa peasi: mmoja wa mistari myeusi, mmoja wa nyekundu, mmoja wa buluu na mmoja wa manjano, na hakuna uliokuwa na maana bila wenzake. Kwa kawaida mgongaji hachongi, kuchonga kuna mafundi wake. Lakini hii baba yake aliichonga mwenyewe Eshrat alipochumbiwa, akamgongea nayo supra ya harusi, kile kitambaa kinachotandikwa mbele ya bibi na bwana harusi, kikawekwa kioo, mishumaa na asali.

Supra hiyo Yadollah aliigawa. Walikuwa bado wapya kwenye ndoa alipoleta familia moja kutoka Tabriz ambayo gari lao lilikuwa limeharibika. Mke akaisifu supra, Yadollah akasema ni yako. Wale watu wa Tabriz walikataa kama watu wenye akili, wakakataa mpaka wakachoka, na gari lao lilipoanza kuondoka Yadollah akaikunja supra akaitumbukiza kupitia dirishani. Eshrat alilia. Mama mkwe wake akamwambia kitu kilichokwisha kutolewa hakitajwi tena, naye Eshrat akameza. Alimeza kwa sababu ilikuwa kitambaa, na mihuri alikuwa nayo.

Sasa Mahrokh alikuwa anaolewa, na kwa mama yake alikuwa ameomba jambo moja tu: supra yenye ndege wa babu. Pamba ilikuwa imeshalowekwa kwenye maji ya maganda ya komamanga, nyeusi imeshagongwa yote, imetandazwa mezani ikauke. Kesho ilikuwa zamu ya nyekundu, na keshokutwa mzee wa mitungi ya shaba alikuwa anawasha moto wa kuchemshia nguo ili nyeusi na nyekundu zishike, maana buluu na manjano hugongwa baada ya hapo. Asingeuwasha tena mpaka harusi ipite.

Baada ya chakula Yadollah alimpeleka mgeni kukiona chumba. Eshrat alibaki anaosha vyombo. Halina alikuwa ameomba amsaidie, akafukuzwa jikoni kwa maneno matamu. Kupitia dirishani Eshrat alimsikia mumewe anasema ni wako, chukua, hauna thamani mbele yako. Akamsikia msichana anakataa. Akasikia tena ni wako. Akadhani ni mfuko wa lozi.

Maneno yale katika nyumba ile yalikuwa kama mlio wa friji, yapo kutwa kucha na hakuna anayeyasikia. Muuza mkate naye husema mkate wangu hauna thamani mbele yako, kisha anasubiri alipwe. Hiyo ndiyo taarofu, adabu ya kutoa unachotarajia kikataliwe, na kila mtoto wa Isfahani anajua pa kuishia. Kila mtoto isipokuwa Yadollah.

Jioni mgeni akaaga. Kesho yake alikuwa anakwenda Shiraz kwa basi la mchana, na Yadollah alikuwa ameshampigia simu kondakta mmoja aliyefanya naye kazi zamani ili apewe kiti cha dirishani. Eshrat alimfungia msichana vitafunio vya nyama na viazi ndani ya mkate. Halina akamshika ule mkono mgumu, akaugeuza, akautazama, ndipo akamkumbatia. Eshrat alikwenda kulala akiwa amepunguza hasira, jambo ambalo baadaye alijilaumu kwalo.

Asubuhi alikoroga rangi nyekundu, akafunga kitambaa mkononi, akanyoosha mkono rafuni. Muhuri wa buluu upo. Wa manjano upo. Wa nyeusi upo. Akapapasa. Akashusha mihuri yote, akaangalia chini ya meza, akaangalia mpaka ndani ya ndoo. Halafu akasimama katikati ya chumba, na lile neno la jana la dirishani likamrudia masikioni.

Yadollah alikuwa uani anamwagilia maua. Alipomwona mkewe anakuja na kile kitambaa mkononi, alizitazama ndala zake.

"Uko wapi?" Eshrat akauliza.

"Uko wapi nini?"

"Usinifanye mtoto. Muhuri wa nyekundu. Wa ndege."

Yadollah akafunga maji taratibu. "Aliupenda sana," alisema. "Aliushika hivi, kwa mikono miwili. Nikamwambia ni wako, kama mtu yeyote anavyosema. Akakataa. Nikamwambia tena, akakataa. Sasa ningemwachia hapo? Angeona kwamba sikukusudia."

"Kwani ulikusudia?"

"Sikukusudia hata kidogo," Yadollah akasema, na alikuwa anasema kweli tupu. "Lakini kwa nini yeye ajue? Nikamwambia mara ya tatu, akakataa. Ya nne, akauchukua. Nilishtuka, Mama Mahrokh, wallahi nilishtuka. Lakini ningefanyaje? Nikamtafutia na kitambaa cha kuufungia."

Eshrat alisikia masikio yanawaka. Akamwambia aende kituoni, basi halijaondoka, amwombe msichana amrudishie. Yadollah akamtazama kana kwamba ameambiwa avue nguo barabarani. Aende akadai pale kituoni, mbele ya madereva wenzake, kitu alichokitoa kwa mkono wake mwenyewe? Uso wake atauweka wapi? Bora azikwe. Akasema watachongesha mwingine. Eshrat akamwambia aliyeuchonga yuko kaburini, na hata akipatikana bingwa gani, muhuri mpya hautalingana na ile mitatu, nyekundu itamwagika nje ya mstari na ndege wataonekana wamechinjwa. Yadollah akafikiri kidogo, akasema basi mawaridi yapigwe buluu, Mahrokh aambiwe siku hizi ndio mtindo.

Hapo ndipo kitu kikakatika ndani ya Eshrat.

"Nisikilize, Yadollah," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza katika ndoa yao kumwita jina tupu. "Wewe hujawahi kutoa kitu chako hata siku moja. Jozi zangu. Supra yangu. Usingizi wangu. Mgongo wangu. Leo muhuri wa baba yangu. Wewe unatoa nini? Unatoa mdomo. Mdomo wako ndio mkarimu, mengine yote ni mimi."

"Nyumba ni moja," Yadollah akajibu, ameumia. "Mali ni moja. Changu na chako ni maneno ya watu wasiopendana."

"Ni moja?"

"Ni moja."

"Haya," Eshrat akasema.

Yadollah akachukua kofia yake akaenda kupanga foleni ya mkate, akiwa amenuna. Eshrat akaingia sebuleni. Kwenye shubaka la ukutani, limefunikwa kwa kitambaa laini, kulikuwa na bao la dadu aliloachiwa Yadollah na baba yake. Lilikuwa limenakshiwa kwa vipande vidogo vya mfupa, shaba na mbao, nyota juu ya nyota, na hakuna aliyeruhusiwa kuweka glasi ya chai juu yake. Kila alasiri alilibeba kwapani kwenda bustanini karibu na daraja, kucheza na wastaafu wenzake. Na Eshrat, aliyekuwa amewahudumia wageni wote waliopita chini ya shubaka lile, alikumbuka jambo moja ambalo hakuwahi kulitilia maanani. Wageni walilisifu sana bao lile. Hakuna hata mmoja aliyeambiwa ni lako. Likisifiwa, Yadollah alisema ni la marehemu baba, kisha akauliza nani anataka chai.

Kumbe alijua pa kuishia. Alijua siku zote.

Eshrat alivaa baibui, akalitia bao chini yake, akatoka. Dereva wa teksi alipomfikisha kituoni alisema, safari hii haina thamani mbele yako, mama. Eshrat akamwambia asimjaribu leo, akamlipa.

Halina alikuwa amekaa kwenye benchi la abiria wa Shiraz, anakula kile alichofungiwa. Alipomwona Eshrat aliruka, akafuta mikono kwenye suruali, furaha imemjaa. Na hapo Eshrat akausikia mdomo wake mwenyewe ukianza. Ukamuuliza alilalaje. Ukamwambia nyumba imebaki kiza tangu aondoke. Ukamwambia aghairi safari, akae nao mpaka harusi. Maneno yalikuwa yanatoka yenyewe, yamepangana, na Eshrat aliyasikia kwa hasira ile ile aliyokuwa nayo kwa mumewe, maana aliona kabisa kwamba akiyaacha dakika moja zaidi yatasema muhuri ni wako, binti yangu, nimekuja tu kukuaga.

Akaufunga mdomo. Akaufungua tena.

"Ule muhuri ni wangu," alisema. "Si wa Yadollah. Baba yangu aliuchonga. Bila huo ile mingine mitatu ni kuni, na binti yangu hana supra ya harusi. Nimekuja kuuchukua."

Msichana alibadilika rangi. Hapo hapo akapiga magoti, akafungua begi, akatoa nguo, akautoa muhuri katikati ya sweta. Aliuweka mikononi mwa Eshrat, na machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Nilikataa mara tatu," alisema. "Chuoni tulifundishwa kwamba mtu akisisitiza baada ya hapo, amekusudia. Nilihesabu, mama. Niliogopa kumvunjia heshima."

"Umefundishwa vizuri," Eshrat akasema. "Mume wangu ndiye hakufundishwa kuacha. Kosa si lako, na usilie, sikuja kukuliza." Akatoa bao chini ya baibui. "Chukua hili. Hili ni lake. Alikuwa na haki ya kukupa hili, akalisahau."

Halina akarudi nyuma hatua mbili. Alikuwa ameshaungua, asingeshika tena. Akakataa mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Eshrat akamwambia nitazame usoni, hivi mimi nafanana na mtu anayefanya taarofu? Msichana akamtazama usoni na akaona kwamba hafanani, lakini bado aliificha mikono nyuma. Basi likapiga honi. Kondakta alikuwa anapakia mizigo, yule yule rafiki wa Yadollah, na Eshrat akamkabidhi bao aliweke pamoja na begi la msichana wa Polandi.

Kondakta akalitambua. Nani asiyelitambua bao lile? Akaligeuza, akapitisha kidole juu ya nyota.

"Bwana Yadollah ametoa bao la baba yake?"

"Ametoa," Eshrat akasema, na neno hilo lilikuwa tamu mdomoni.

Eshrat alipofika nyumbani, Yadollah alikuwa amesimama mbele ya shubaka, mkate bado uko kwapani. Hakuuliza muhuri ulikopatikana. Aliuliza bao liko wapi.

"Nimempa mgeni," Eshrat akasema. "Halikuwa na thamani mbele yake."

Yadollah akakaa chini, juu ya zulia, na mkate wake. "La baba?"

"La baba. Baba kwa baba. Basi linasimama Shahreza watu wasali na kunywa chai. Chukua teksi, utaliwahi. Ukamwambie sikukusudia, nirudishie."

Yadollah aliutazama mlango. Aliutazama muda mrefu, na Eshrat alisubiri kwa dhati. Kama mzee yule angeinuka akaenda, akajifunza jinsi maneno yale yanavyokwaruza koo, Eshrat angemsamehe yote, mpaka supra ya Tabriz. Lakini Yadollah hakuinuka. Alisema hawezi. Alisema watu watasema nini. Jioni hakwenda bustanini, akakaa uani na mikono mitupu, na Eshrat alimwonea huruma kwa muda wa glasi moja ya chai. Halafu akaenda kazini kwake.

Alipiga nyekundu mpaka giza likamtoa mezani, na alfajiri akaanza tena. Ndege walipata vifua, mawaridi yakafunguka moja moja, kila kitu kikakaa ndani ya mstari wake. Alikuwa amefika safu ya mwisho jirani yao Showkat alipoingia bila kubisha, ameshika bakuli la supu ya tambi, macho yanang'aa kwa habari.

"Dada Eshrat, mtaa mzima hauna neno jingine," alisema. "Kondakta amewaambia madereva, madereva wamewaambia wauza mkate. Yadollah amempa mgeni bao la baba yake, la baba yake mzazi, kwa sababu tu msichana wa watu alilipenda. Jamani, huyo ni mtu au malaika? Una bahati, wewe mwanamke. Wangu mimi hata kikohozi hakutolei."

Eshrat aliutua muhuri. "Aliyelitoa ni mimi," alisema. "Nililichukua mwenyewe, nikalipeleka mwenyewe, yeye alikuwa kwenye foleni ya mkate."

Showkat akacheka mpaka supu ikayumba bakulini. "Wewe? Wewe uliyewanunia wageni tangu tukufahamu? Acha kumwonea wivu mumeo, dada, mwache mzee wa watu na thawabu zake."

Na kutoka uani, wakati huo huo, ikasikika sauti ya Yadollah kwenye simu. Haikuwa tena sauti ya jana. Ilikuwa imenenepa. "Aa, si kitu, bwana," alikuwa anasema. "Bao ni bao tu. Mgeni akikipenda kitu, wewe utakishika cha nini? Hapana, hapana, msinisifu. Njooni leo mchana, nyote, na wake zenu. Mama Mahrokh atapika mchuzi wa mboga, ule wa uwatu."

Eshrat akaulaza muhuri ubavu ili rangi isiharibike. Akapita mbele ya Showkat, akaingia jikoni, akatoka na kapu la mboga alilonunua jana, mafungu kwa mafungu, udongo bado uko kwenye mizizi, na beseni, na kisu. Yadollah alikuwa bado na simu sikioni alipohisi kitu kizito na chenye majimaji kinatua mapajani mwake.

"Wageni wako," Eshrat akasema, kwa sauti ambayo hata aliyekuwa upande wa pili wa simu aliisikia. "Chambua. Uwatu ni majani tu, vijiti vinatia uchungu. Ukimaliza niite, nikuonyeshe zafarani inakaa kabati gani."

Akarudi chumbani. Showkat alikuwa amesimama pale pale, mdomo wazi, supu inapoa. Alibaki ndege mmoja. Eshrat akachovya muhuri wa baba yake, akautua juu ya kifua cha yule ndege bila kuusukuma, akaupiga mara moja.